Boksi Lililokutwa Kavu

Mama Brashi alikataa kusaini kwa mara ya tatu, na safari hii hata kalamu hakuigusa.

Karatasi ilikuwa imeshaandikwa, mwandiko mzuri wa kulala upande mmoja. Ilisema kwamba yeye, mwosha vyombo wa maabara ya utafiti, siku ya Alhamisi saa nne na nusu asubuhi alimtilia sumu kwenye chai fundi wa sampuli, kwa chuki, na fundi akafa. Kilichopungua ni jina lake pale chini tu. Alikuwa amelala siku nne kwenye sakafu ya kituo cha polisi, kanga imekunjamana, macho mekundu, lakini shingo ameisimamisha.

"Niliyoyafanya mimi nayasaini," alimwambia Inspekta. "Haya yamefanywa na kalamu. Mwambie kalamu isaini."

Konstebo aliyesimama mlangoni alicheka, akakumbuka yuko kazini, akajikohoza.

Inspekta alivuta kiti akakaa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye daftari lililofungwa kwa mpira wa nguo, na wenzake walimwita Mama Tena. Jina hilo alilipata kwa tabia yake ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho, halafu kumwambia neno moja: tena. Wezi wengi walikuwa wameanguka kwenye hiyo tena.

Ushahidi ulikuwa mezani, na kwa macho ya mkuu wa kituo ulitosha na kubaki. Kwanza, kikombe chenye chai nusu, kilichookotwa juu ya meza ya maabara, hatua mbili kutoka kwenye chumba cha baridi alimokutwa marehemu amelala kifudifudi. Pili, mtungi wa kioo uliotolewa kwenye kabati la Mama Brashi kazini, umejaa punje nyeupe, na ubavuni umebandikwa picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili. Tatu, maneno. Wiki moja kabla ya kifo, mbele ya watu sita, Mama Brashi alimwambia marehemu kwamba iko siku atamkumbuka.

Chai na zile punje vilipelekwa kwa wapimaji wa sumu, nao walisema majibu ni baada ya wiki tatu. Mkuu wa kituo hakuwa na wiki tatu. Simu za wakubwa zilikuwa zinamchoma sikio. Saa nane mchana gari la mahabusu lingeondoka, Mama Brashi ndani yake, kwa kosa la kuua. Inspekta alipewa mpaka saa hiyo aumalize ubishi wake, na sasa ilikuwa saa mbili na robo asubuhi.

Alianza na mtungi. Mama Brashi alijibu bila kupepesa: hiyo ni sukari. Kila mtungi uliokwisha dawa pale kazini huwa unatupwa, naye huona uchungu kutupa kioo kizima, kwa hiyo aliuosha akautia sukari ya chai. Aliuosha kwa sabuni, akausuuza mara tatu kwa maji ya bomba, akauloweka usiku kucha, akausuuza tena mara tatu kwa maji yaliyochujwa, vilevile anavyoosha chupa za utafiti. Watu wote wa maabara walikuwa wanakunywa sukari ya mtungi huo mwaka wa pili sasa.

"Na fuvu hukulibandua?"

"Gundi yake ngumu. Halafu lilisaidia, wezi wa sukari walikuwa wengi."

Inspekta aliacha kuandika. Alimwambia kwamba kwa akili hiyo ndiyo maana yuko hapo, na kwamba mtoto mdogo akizoea kulamba sukari ya fuvu kazini kwa mama, siku moja atalamba ya fuvu kweli. Mama Brashi akatazama chini kwa mara ya kwanza. Kitinda mimba wake, binti wa miaka sita, alikuwa kwa jirani tangu Alhamisi, na habari zilizoletwa asubuhi ile ni kwamba amegoma kula.

"Hilo nimekosa," alisema. "Lakini ileteni hiyo sukari niikoroge niinywe mbele yenu. Nimekosa mtungi, sikukosa mtu."

"Ugomvi wenu ulikuwa wa nini?"

"Wa mstari, dada yangu. Yule hakuwa na ugomvi mwingine duniani."

Marehemu, kumbe, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Bwana Mstari. Yeye ndiye aliyepiga rangi nyekundu kwenye kizingiti cha maabara, na akasema chakula na kinywaji mwisho hapo. Chai ilinywewa kwenye meza ya korido, nje ya rangi. Aliwahi kumtoa nje mgeni wa heshima kwa sababu ya peremende mdomoni. Siku ile ya maneno, Mama Brashi aliukata mstari akiwa na chupa ya chai mkononi, anakwenda zake kuchota maji, na Bwana Mstari akamfokea kama mtoto. Ndipo akamwambia iko siku utanikumbuka, yaani siku sitakuletea chai.

"Tena," alisema Inspekta.

"Nini tena?"

"Mtu huyo aliyemfukuza mgeni kwa peremende. Rudia."

Mama Brashi alirudia, polepole, na katikati ya kurudia macho yake yakaangukia mezani. Wote wawili walikuwa wanakitazama kikombe.

* * *

Maabara ilikuwa jengo la ghorofa moja nyuma ya ukuta mrefu. Upande mmoja walipima matope na maji ya mito, upande wa pili damu ya mifugo, na chumba cha mwisho kilikuwa cha dawa na asidi. Ili uingie kokote ilibidi umpite mlinzi wa lango, mtu mwembamba aliyejiita Komando, ingawa silaha yake ilikuwa tochi.

Inspekta aliomba daftari la lango akaanzia siku ya Jumanne. Jumanne, fundi wa majokofu kaingia, katoka. Jumatano saa kumi jioni, pikipiki ya kiwanda cha gesi, maboksi mawili, barafu, kilo ishirini kila moja. Alhamisi, polisi.

Aliuliza kiwanda cha gesi kinauzaje barafu. Komando akasema naye alishangaa. Jokofu kubwa la sampuli, yaani kile chumba cha baridi, lilikufa Jumanne, Daktari akaagiza barafu, na barafu yenyewe ilikuwa ya ajabu. Hapo akauficha mkono wa kulia nyuma. Inspekta akamwambia tena.

Ndipo ikatoka. Jumatano ile joto lilikuwa kali, na Komando alidokoa kipande kwenye boksi ili apoze maji yake ya kunywa. Kilimng'ata. Alionyesha vidole viwili vya mkono wa kulia, ngozi imetuna na kubabuka kama ya mtu aliyeshika sufuria ya moto. Alipokitumbukiza kwenye jagi, maji yakachemka bila moto na kutoa moshi mweupe ulioteremka mezani mpaka sakafuni. Akakimbia nje. Aliporudi, kipande hakipo.

"Kiliacha maji?"

"Hapo ndipo niliposoma dua zote ninazozijua. Kingine kilichoanguka juu ya gazeti kilikwisha chote, na gazeti kavu. Nilidhani nimeona shetani."

Inspekta alimwambia shetani hauzwi kwa kilo. Aliandika namba ya kiwanda, akapiga simu pale pale langoni, akaongea na mtu wa mauzo kwa dakika tano, akimwambia tena mara mbili. Mwisho akamwomba amtumie kilo moja ya kitu hicho hicho, pamoja na karatasi nyekundu ya tahadhari ambayo mtu huyo alisema hubandikwa kwenye kila boksi.

* * *

Mkuu wa maabara, ambaye kila mtu alimwita Daktari kwa usomi wake na si kwa kutibu, alimpokea kwenye korido akiwa na koti jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa mtaratibu, sauti ya chini. Alisema amempoteza kijana aliyemfundisha mwenyewe, na anachoomba ni kesi iishe ili watu warudi kazini, kwani wafadhili wanakuja na sampuli za miaka sita zinawangoja.

Inspekta alisema pole, akaomba aelezwe tena alivyomkuta.

Alimkuta saa tano kasorobo. Alikuwa anamtafuta, akaona mlango wa chumba cha baridi umefungwa lakini taa inawaka, akafungua, akamwona chini. Akamvuta nje. Kwenye meza akakiona kikombe, na akili ikamwambia chai. Na yeye mwenyewe, siku hiyo, alikunywa? Alikunywa, ndiyo, saa nne, kikombe kimoja.

"Na sukari?"

"Vijiko viwili," alisema Daktari, kisha akajipangusa mdomo kana kwamba vimebaki pale.

Inspekta aliandika viwili. Aliona pia kwamba ncha za vidole vya mkono wake wa kulia, vitatu, zilikuwa na plasta. Daktari alisema ni bomba la kioo lililokuwa la moto. Mambo ya kazi.

Chumba cha baridi kilikuwa na ukubwa wa jiko la nyumba ya kupanga: ukuta wa bati nene, mlango mzito wenye mpira pembeni, rafu pande tatu, hakuna dirisha. Vichupa vidogo maelfu, kila kimoja na namba. Inspekta aliacha mlango wazi, akamweka konstebo aushikilie, akaingia na tochi. Karibu na dari palikuwa na tundu la hewa la upana wa sahani. Lilikuwa limezibwa kwa utepe wa gundi wa rangi ya kahawia, tabaka tatu. Utepe ulikuwa unang'aa, na vumbi lote lililokuwa juu ya rafu halikuwa juu yake.

Daktari alisema ni kwa ajili ya wadudu.

Rafu ya chini kabisa ilikuwa na pengo, na mbele yake ubao wa kuandikia ulikuwa bado sakafuni. Orodha ya Bwana Mstari ilisimama kwenye kichupa cha mia na kumi na saba. Namba za mwanzo zilikuwa zimenyooka kama zimepigwa chapa. Kuanzia mia na tano zilianza kuyumba, na ile ya mwisho ilikuwa mkwaruzo tu ulioteleza mpaka nje ya karatasi.

Maboksi aliyakuta nyuma ya jengo, karibu na tanuri la kuchomea taka. Yalikuwa mawili, meupe, ya povu gumu nene, yametupwa vifuniko mbali. Kila kifuniko kilikuwa na alama ya mraba ambapo karatasi ilibanduliwa kwa kucha, na kingo zake zilibaki nyekundu. Chini, ndani ya boksi la kwanza, kulikuwa na hati ya kiwanda: barafu, kilo ishirini, sahihi ya mpokeaji, ya Daktari, kwa wino wa maji wa buluu.

Aliibeba hati hiyo kwa kibanio mpaka mbele ya Daktari, akamuuliza barafu ilikwenda wapi. Daktari akasema iliyeyuka, wakamwaga maji.

"Kilo ishirini za maji zimekaa juu ya karatasi hii," alisema Inspekta, "na wino haujatoka hata nukta. Mimi nikidondosha chozi kwenye barua, inaharibika."

Daktari aliomba samahani, akaingia ofisini kwake, na kupitia mlango akasikika anapiga simu, akimtaja mkuu wa kituo kwa cheo chake chote.

* * *

Mkuu wa kituo alifika saa sita na nusu, jasho limelowesha kola. Alimvuta Inspekta pembeni. Alimwambia kwamba anamharibia kazi, kwamba huyu ni msomi mwenye watu nyuma yake, na kwamba yule mwosha vyombo ana mtungi wenye fuvu, sasa anataka nini zaidi. Alimwamuru afunge faili.

Inspekta alimwambia faili hilo atalifunga kwa furaha, likishakuwa la kweli. Akitaka kulifunga lilivyo, basi alifunge kwa mkono wake na aandike jina lake, kwa sababu leo kuna mwanamke mmoja aliyekataa kusaini uongo, na sasa wamekuwa wawili. Alisema haya kwa sauti ya kawaida, mbele ya konstebo na Komando. Mkuu wa kituo aliangalia saa yake. Saa nane haikuwa mbali, akasema, amwonyeshe anachotaka kumwonyesha.

Pikipiki ya kiwanda ilikuwa imeshaleta.

Inspekta aliomba tangi la kioo walilofugia samaki wa majaribio, likiwa tupu na kavu, na mshumaa, na waya. Aliwapanga wote, pamoja na Daktari, kwenye korido, nje ya mstari mwekundu, madirisha wazi. Akavaa glavu za ngozi. Kipande kimoja cha barafu, kadiri ya yai, alikiweka juu ya gazeti. Vilivyobaki akavitia chini ya tangi, akalifunika kwa ubao, akangoja. Moshi mweupe ulijaa ndani na kulala chini, ukapungua, kioo kikabaki cheupe kidogo, kama kimepuliziwa pumzi.

Akafunua. Akawasha mshumaa uliofungwa kwenye waya, akauteremsha taratibu. Mdomoni pa tangi uliwaka vizuri. Katikati moto ukapinda na kuwa mdogo. Haukufika chini. Ulizimika wenyewe, bila upepo, kama uliobanwa na vidole visivyoonekana.

"Tena," alisema, akauwasha. Ukazimika pale pale.

"Tena."

Mara ya tatu mkuu wa kituo aliushika waya mwenyewe, akautazama mshumaa ukifa, akavua kofia.

Inspekta alieleza kwa maneno aliyopewa na mtu wa mauzo. Hii barafu haina maji. Ni hewa iliyogandishwa, ile mtu anayoitoa puani, na ikiachwa inarudi kuwa hewa, nzito, inajaza chumba kuanzia sakafuni kama maji yanavyojaza ndoo. Haina rangi, na hakuna harufu ya kumshtua mtu. Kilo arobaini zilikaa usiku mzima kwenye chumba cha bati, mlango umefungwa, tundu limezibwa ili baridi isitoke. Asubuhi Bwana Mstari aliingia, akapiga magoti kwenye rafu ya chini, akaanza kuhesabu. Hakunywa chochote ndani. Asingekunywa ndani hata kwa kulipwa, kwa hiyo kikombe kile kiliukata mstari mkononi mwa mtu mwingine, yeye akiwa ameshalala chini.

Kisha akaifunua karatasi nyekundu iliyokuja na pikipiki, sawasawa na zile zilizobanduliwa kwenye vifuniko. Alimpa Daktari aisome kwa sauti.

Daktari aliishika. Plasta zake tatu zilikuwa juu ya maandishi. Alisoma kwamba kitu hiki kisiwekwe kwenye chumba kilichofungwa, kwamba kinaua bila kuonekana, na kwamba kisishikwe kwa mkono mtupu. Alipofika hapo akaiweka karatasi mezani.

Juu ya gazeti, kipande cha kadiri ya yai kilikuwa kimebaki kama punje ya hindi. Wote walikitazama mpaka kikaisha. Komando aliligusa gazeti kwa kidole, akaonyesha kidole: kavu.

Daktari alikaa kwenye kiti cha meza ya chai. Alisema sampuli za miaka sita zingeoza kwa siku mbili. Alisema aliisoma karatasi ile Jumatano, akaona ni usiku mmoja tu, asubuhi angefungua mlango yeye mwenyewe, lakini asubuhi akaitwa kwenye kikao na hakumwambia mtu. Alipomkuta, aliwaza wafadhili, akawaza jina lake, akavitoa vipande vilivyobaki kwa mikono, kisha akachukua kikombe cha chai koridoni akakiweka mezani. Alisema hakukusudia kumuua.

"Yule hukumkusudia," alisema Inspekta. "Huyu mwenye mtoto wa miaka sita, huyu ulimkusudia. Ulimchagua kabisa."

Mkuu wa kituo alivaa kofia yake, akamwambia konstebo atoe pingu.

* * *

Saa nane kamili gari la mahabusu liliondoka bila Mama Brashi. Aliambiwa yuko huru, aende nyumbani, na mkuu wa kituo, bila kumtazama usoni, akamwelekeza mlango wa nyuma kwa kuwa mbele kulikuwa na watu.

Mama Brashi alisema hakuingizwa kwa mlango wa nyuma. Na kabla ya kwenda popote anaitaka karatasi yake. Ipi? Ile aliyoandikiwa.

Inspekta aliitoa kwenye faili. Mkuu wa kituo alifungua mdomo kusema ni mali ya serikali, akaona macho ya wanawake wale wawili, akaufunga. Mama Brashi akaigeuza upande mweupe, akailaza mezani, akamwomba Inspekta aandike kwa herufi kubwa, yeye atasema.

Alisema polepole, kama mtu anayemfunga mtoto vifungo. Usiingie humu peke yako. Ukiona tundu limezibwa, zibua kwanza. Mlango uachwe wazi. Barafu isiyoacha maji isilale ndani. Aliyekufa humu alikuwa hodari kuliko sisi, na hakuona kitu. Hata mkubwa akikutuma, kataa.

Walikwenda nayo maabara, wakaibandika kwenye mlango wa chumba cha baridi kwa utepe ule ule wa kahawia, uliokuwa bado mezani kwa Daktari. Mama Brashi alivuka mstari mwekundu mikono mitupu, akaulainisha utepe kwa kiganja mpaka pembe zote nne zikashika. Kuhusu mtungi wake alimwambia Inspekta auvunje, sukari itakaa kwenye kopo la sukari.

Kisha akanyoosha mkono.

"Sasa nipe kalamu," alisema. "Hii ndiyo nitakayoisaini."